Leo Alasiri Tutalia Mara Tatu

Wanangu wa kikundi, mmenipigia simu mara mbili kwa jambo hilo hilo. Mnasema daftari la jukwaa nililowaachia mmelifungua, na kabla ya mambo ya taa, kabla ya pazia, kabla hata ya orodha ya maleba, ukurasa wa kwanza una mstari mmoja tu: "Pita nyumba kwa nyumba." Mnauliza, ndiyo nini hiyo? Mwenzenu mmoja akasema labda mama alikuwa anatembeza maandazi. Nimecheka peke yangu jikoni. Maandazi sijawahi kuuza. Kaeni niwaeleze, ila mnanijua, nikianza kueleza sinyooki kama rula. Nitazunguka, lakini nitafika.

Kwanza niwajibu wale wanaosema nimestaafu mapema. Kweli, hamsini sijaifikia. Lakini msimamizi wa jukwaa anafanya kazi kwa masikio, na langu la kushoto nililiacha kwenye spika moja pale Mombo, nilipokuwa nimejibanza nyuma yake miaka mingi nikisubiri zamu ya ngoma. La kulia linanitosha kusikia adhana na wajukuu wa dada yangu wakigombana. Kwa jukwaa halitoshi. Alhamdulillah, nimeondoka nikiwa bado natamaniwa, si nikiwa nafukuzwa.

Kazi hii sikuitafuta. Mimi niliacha shule darasa la nne. Nilipopata mtoto wangu wa kwanza, Zubeda, nikaona aibu, mtoto atakuja kuniletea daftari lake nilishike juu chini. Nikajiandikisha masomo ya jioni hapa Manundu. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Mhina, na huyo huyo ndiye aliyekuwa mwongozaji wa kikundi cha maigizo. Alinichukua kwanza nishone maleba, maana nilikuwa na cherehani. Siku moja akatazama ninavyoandika ubaoni, taratibu, herufi moja moja kama napanga mayai. Wenzangu wakanicheka. Yeye akasema, "Huyu ndiye atakayeshika daftari la jukwaa."

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ndiye ninayeandika polepole kuliko wote!"

Akasema, "Ndiyo maana. Anayeandika haraka anajiandikia mwenyewe. Wewe unaandika ili mwenzio asome."

Neno hilo nimelibeba hadi leo. Daftari la jukwaa si lako. Ukiumwa tumbo saa moja kabla ya onyesho, mtu mwingine alichukue aendeshe mchezo mpaka mwisho. Kama hawezi kulisoma, hujafanya kazi, umechora tu.

Sasa mazoezi ya vyombo. Ninyi mna taa za kubonyeza kwenye simu, siku yenu inaisha kwa saa mbili. Sisi taa zetu zilikuwa balbu ndani ya makopo ya rangi, tumeyatoboa wenyewe kwa msumari, na kila kopo lina mtu wake na swichi yake. Mazoezi ya vyombo ni siku ya makopo hayo, ya kamba za pazia, ya ngoma, ya nani anapita mlango gani gizani bila kumkanyaga mwenzie. Si siku ya waigizaji. Na hapo ndipo vita inapoanza, maana mwigizaji ukimwambia asimame tu aseme mstari wa mwisho taa ijaribiwe, yeye anataka aanze mwanzo, alie, aanguke, apigiwe makofi. Mimi nilikuwa nawaambia, "Mgosi, leo mgeni wetu ni taa. Wewe leo ni kigingi. Simama hapo."

Mwanzo neno langu la kuamrisha lilikuwa "sasa". Msilitumie. Kwenye mazoezi fulani pale Handeni nilimgeukia mama mpishi nikamwambia, "Sasa dada, chai vipi?" Pazia likashuka na ubao wake, likamfunika Mzee Mhina na kofia yake. Kutoka humo ndani tukasikia sauti: "Na sukari yake je?" Tangu hapo neno langu likawa namba. Kila ishara ina namba yake, na namba hiyo haitajwi mpaka wakati wake. Hakuna mtu anayeomba chai kwa namba kumi na saba.

Mengine nayasema haraka haraka. Tochi ifungeni kitambaa chekundu, haimulikii watu macho. Alama za sakafuni chora kwa chaki halafu piga juu yake na mkaa, chaki peke yake inaondoka na miguu. Jenereta iwekeni upande upepo unakokwenda, si unakotoka, la sivyo mtakohoa hadi mwisho wa mchezo. Kule Dindira mvua ikipiga bati hamsikilizani, basi ishara zote ziwe za macho, kanga nyeupe juu, kanga nyeupe chini. Na ratiba yako ipange kwa sala, usisubiri adhana ndiyo ushtuke. Mimi nilikuwa naandika kabisa kwenye daftari: "Alasiri. Birika la maji liko nyuma ya maleba." Wenzetu Wakristo walikuwa wanapumzika na sisi, wanatulindia vyombo. Sijawahi kuona kazi iliyoharibika kwa sababu watu walisimama kusali.

Haya, nifike kwenye mstari wenu.

Tulikuwa na mchezo wa ndugu wawili wanaogombania shamba, na katikati ya ugomvi baba yao anafariki. Ukumbi wetu ulikuwa ghala kuukuu la Mzee Ratilali, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anatuachia kila wakati likiwa tupu. Ghala lile liko mgongoni mwa nyumba yangu. Madirisha tuliyaziba kwa magunia ya katani, giza likapatikana mchana kweupe, tukaanza baada ya Adhuhuri.

Mzee Mhina alitaka kilio kisitoke jukwaani. "Kitoke nje," akasema, "kwa mbali, kama habari inayotoka nyumba ya pili. Watazamaji washtuke kwanza, ndiyo wajue." Wazo zuri, na mpaka leo naona ni zuri. Kilio cha kwanza, taa ya kulia inafifia. Cha pili, ngoma inanyamaza. Cha tatu, pazia.

Aliyekuwa analia ni Rehema, binti wa Handeni, ana kifua kile cha sauti! Nikamtoa nje, nikamsimamisha nyuma ya ghala. Mimi nikarudi ndani kwenye meza yangu. Nikapaza sauti, "Haya Rehema!" Akalia. Taa ikafifia vizuri, lakini sauti ilikuwa karibu mno, kama analia sikioni. Nikapiga kelele, "Sogea mbele! Kwenye bomba!" Akaenda kwenye bomba la maji. Akalia cha pili. Afadhali, lakini bado. "Sogea tena!" Akasogea, mtoto mtiifu, akaenda mpaka kwenye ua, akanijibu kutoka huko, "Niko kwenye ua!" Ua wa nani? Wa nyumba yangu. Akashika mti wa ua kwa mikono miwili, akalia kilio cha tatu, kile cha kumwita baba kwa jina. Pazia likashuka kama maji. Nikaandika kwenye daftari, polepole, herufi moja moja: "Vizuri sana. Pale pale kwenye ua."

Ndani ya nyumba ile alikuwa amelala mama yangu. Alikuwa mgonjwa wa miguu, mtaa mzima ulijua, watu walikuwa wanapita kumjulia hali. Na pale nje ya ghala, kwa ajili ya mchezo, tulikuwa tumeshusha turubai, mabenchi, na sufuria mbili kubwa za kuazima. Mimi nikiwa gizani na makopo yangu ya rangi, hayo yote sikuyaona kwa pamoja. Majirani ndio waliyaona kwa pamoja, na kilio kikitoka kwenye ua wa mgonjwa, nani asubiri kusikia kinaita jina gani?

Niliposikia kelele nikadhani ni Rehema bado analia. Nikatoka nje nimkemee, tochi shingoni, daftari kwapani. Jua likanipiga machoni. Jamani. Wanawake wamejifunga kanga, mmoja ana ungo wa mchele kichwani, mwingine amekumbatia kuni. Vijana wawili wameshika majembe, wananiuliza shimo litachimbwa makaburi yapi. Mzee Ratilali ameshusha milango ya duka lake saa tisa mchana, anakuja na kofia mkononi, anasema, "Pole sana, Mama Zubeda, pole sana." Na mbele yao wote Bibi Mwanaidi, jirani yangu wa kushoto, mzee wa watu, mkeka begani. Yule bibi ndiye alikuwa wa kwanza kufika kwenye kila msiba wa mtaa ule.

"Mama ametangulia saa ngapi?" akaniuliza, machozi yanamtoka.

Nikasema, "Bibi, hakuna aliyekufa. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya vyombo."

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu akaona amecheka peke yake. Wakati huo wengine walikuwa wameshaingia nyumbani kwangu, wamemkuta marehemu ameketi kitandani anakunywa chai. Mama yangu alinisimulia baadaye: "Wameingia wanalia, nikawauliza, nani kafa? Wakanitazama tu. Nikajua ni mimi. Nikawaambia wanisubiri nimalize kikombe." Yeye aliona kichekesho. Mimi sikuona.

Maana Bibi Mwanaidi hakunitukana. Angenitukana ningepona. Aliuweka mkeka wake vizuri begani, akanitazama kama anatazama mtoto aliyevunja chungu cha watu, akasema, "Mama Zubeda, siku utakayolia kweli, nani atakuja?"

Akaondoka. Na wale wa kuni na mchele wakaondoka nyuma yake.

Niliingia ndani nikakaa kwenye meza yangu. Mzee Mhina akasema, "Niache niende mimi, kilio cha nje ni wazo langu." Nikamwambia, "Wazo ni lako, mwalimu, lakini aliyemsogeza Rehema mpaka kwenye ua ni mimi." Akanisukumia daftari. "Basi liandike kosa hilo. Ukurasa wa kwanza, palipo wazi." Nilikuwa nimeacha ukurasa ule kwa ajili ya kubandika picha.

Wanangu, mtu wa mji mkubwa labda hataelewa kilichoniuma. Mama yangu alikuwa mgonjwa kweli. Siku yake ilikuwa inakuja, na mimi ndiye mtoto wake pekee aliyekuwa hapa Manundu wakati ule. Nani angemkogesha? Nani angesimama na mimi? Hapa kwetu hatutangazi msiba kwa barua. Kilio ndiyo barua. Na mimi barua ile nilikuwa nimeituma ya uongo, mara tatu, kutoka kwenye ua wangu mwenyewe. Dini yetu inatufundisha tuzuie sauti, tuseme sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Lakini kile kilio cha kwanza kinatoka chenyewe kabla hujakumbuka mafundisho, na majirani wanakitegea sikio.

Baada ya Alasiri nikaanza kupita. Nyumba kwa nyumba, peke yangu, naomba radhi. Wengine waliniambia yameisha. Wengine walinipa mgongo. Kwa Bibi Mwanaidi nilikwenda mwisho, niliogopa. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. Mahindi yanadondoka kwenye ungo, ta, ta, ta.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Uji wangu umeungua."

"Nitakununulia unga, bibi."

"Unga ninao." Ta, ta, ta. "Kilio si kitu cha kujaribia. Unajaribu chumvi. Kilio unajaribu?"

Nikakaa chini. Nikamweleza kazi yetu, kwamba usipojaribu, siku ya watu taa inazimika pasipotakiwa, mwigizaji anaanguka, mtu anaumia. Akasikiliza. Halafu nikamuuliza, "Bibi, nifanyeje? Mchezo una kilio."

Akaacha mahindi. "Si una miguu? Pita utuambie. Kabla. Sema leo tutalia saa fulani, mara kadhaa, msitoke. Mtu akijua, hashtuki. Shida yako hukutuambia, umetufanya wajinga kwenye huruma yetu."

Nikasema, "Nitapita, bibi. Kila mara."

"Haya." Akarudi kwenye mahindi. Kisha akasema, bado hajanitazama, "Na yule binti wako analia vibaya. Mtu aliyefiwa na baba haiti jina lote mpaka la ukoo, kama anaita wanafunzi. Na zile sufuria mmeziweka mlango wa wanaume. Nani anapika mlango wa wanaume?"

Kesho yake alikuja ghalani. Hakualikwa, alikuja tu na mkeka wake. Alitupangia msiba upya, mkeka wapi, maji wapi, wanawake wanaingilia wapi. Mzee Mhina aliketi kama mwanafunzi. Rehema alifundishwa kulia mpaka na mimi niliyekuwa nahesabu ishara nikasahau namba, taa ya kulia ikabaki inawaka. Siku ya onyesho mtaa wote ulikuja, na kilio kilipotoka nje, kwa mbali, wote walijua ni cha Rehema, na bado walilia.

Basi kwenye ukurasa ule wa kwanza, badala ya kosa, nikaandika dawa yake, huo mstari mnaouuliza, na tangu siku ile kila tulikokwenda nilipita. Pale Mombo akina mama wanaouzia abiria chakula stendi walinisaidia kutangaza, wanapiga kelele madirishani mwa mabasi: "Mahindi ya moto! Na saa kumi kuna kilio, msiogope, ni mchezo!" Dindira wachuma chai waliniuliza, "Mtalia mara ngapi?" Nikasema tatu. Wakasema, "Tatu ni chache, tutakuja kuwaongezea." Handeni kuna mzee mfugaji alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo, akasema, "Mama, maisha yangu yote sijawahi kupewa taarifa ya kilio. Kifo chenyewe hakina adabu hiyo." Vijana wa kikundi walikuwa wananicheka, wananiita mjumbe wa misiba. Nilikuwa natoka jua linachoma, naingia kwenye nyumba nisizozijua, shikamoo, hodi, leo alasiri tutalia mara tatu. Sikuacha hata mara moja. Hata mara ile nilipokuwa na mimba ya Abduli ya miezi minane, nilipita.

Lakini lile neno la Bibi Mwanaidi lilibaki limenikaa. Nilikuwa nikimgeuza mama kitandani nalisikia. Nani atakuja? Kwa kila nyumba niliyopita kusema tutalia, nilijiuliza kama sijawazoesha watu kubaki wamekaa kilio changu kikipigwa.

Siku ikafika. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, Zubeda ameshaenda shule. Nilimpelekea mama uji, nikakuta ametulia, mkono uko chini ya shavu. Nikamwita. Nikamgusa mguu. Na pale pale kikatoka, kile cha kwanza, kabla sijakumbuka mafundisho. Mara moja tu. Kisha nikajishika mdomo, nikasema maneno ya kusemwa, nikakaa chini kando ya kitanda. Moyoni najiambia, hawatakuja. Watasema Mama Zubeda na ghala lake.

Sikumaliza hata kumfumba macho vizuri. Mlango ukasukumwa, bila hodi. Bibi Mwanaidi, anahema, kanga moja ameivaa kichwa chini, mkeka begani. Nyuma yake yule wa kuni. Nyuma yake milango ya duka la Mzee Ratilali nikaisikia inashuka. Kufikia Adhuhuri ua ulikuwa umejaa, na mama yangu alizikwa na mtaa mzima baada ya Alasiri. Rehema alikuja kutoka Handeni, akalia polepole kama alivyofundishwa, wala hakuita jina.

Baada ya arobaini ndipo nikapata nguvu ya kumuuliza. Tulikuwa barazani kwake, mimi na yeye, tunapukuchua.

"Bibi, siku ile ulijuaje kama ni kweli? Hukuuliza hata nani kafa."

Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi.

"Siku ile hukupita kutuambia," akasema.